NGIRI INAPANGIWA KAMA UZAZI (Sehemu ya 6)

Leo naomba umwite baba watoto asome na yeye.

Usiku mmoja nikiwa zamu tulipokea kaka anayebeba magunia sokoni. Anatapika, tumbo limejaa, kinenani ana uvimbe mgumu kama jiwe. Mkewe akaniambia, "Nesi, anayo mwaka wa tatu huu. Ikitoka anairudisha kwa mkono, anaendelea na kazi." Safari hii haikurudi. Utumbo ulikuwa umenasa, kipande kimeshaoza, ikabidi kikatwe. Alipona, lakini alilala wodini siku nyingi, na nyumbani hakuna hata mia iliyoingia.

Maoni yangu ni haya: watu wa kazi ngumu hawachelewi kwa uzembe. Wanachelewa kwa sababu wakilala nyumbani, sufuria halipandi jikoni. Kwa hiyo kumwambia mtu "nenda hospitali" halafu basi, haitoshi. Familia nzima ipange.

Kwanza tuelewane. Ngiri ni ukuta wa misuli ya tumbo kulegea na kuacha upenyo, halafu utumbo au mafuta yanachungulia hapo: kinenani, kitovuni, au kwenye kovu la upasuaji. Sisi wanawake pia tunapata, hasa ukishazaa mara kadhaa na bado unabeba ndoo za maji au za zege. Mtaani kila kiuno kikiuma, kila nguvu za kiume zikipungua, wanasema ngiri, na wauza dawa wanakula hela. Jamani, upenyo hauzibwi na chupa ya mitishamba, wala mkanda. Kwa mtu mzima kinachoziba ni upasuaji. Kitovu cha mtoto mchanga ni habari nyingine, vingi hujifunga vyenyewe kabla ya miaka 5. Mpeleke akaangaliwe, ila usimbandike sarafu.

Sasa mpango. Mimba tunaiwekea akiba miezi 9. Ngiri ambayo haijanasa nayo mara nyingi inakupa muda, utumie! Muoneni daktari, ulizeni gharama, tarehe na kama bima inalipia. Baada ya upasuaji, kazi nyepesi wengi huanza ndani ya wiki 1 au 2, mizigo mizito kwa kawaida inasubiri wiki 4 hadi 6, kadiri daktari atakavyosema. Hizo wiki ndizo za kuwekea hela kwenye kikoba, kuongea na bosi mapema, na kuchagua msimu ambao kazi ni chache.

Mkiwa mnasubiri, gawa mzigo ubebe mara mbili, au omba mwenzako ashike upande wa pili. Kunja magoti, mzigo uwe karibu na mwili, toa pumzi unaponyanyua, usiibane. Kikohozi kisichoisha kitibiwe. Maji, matunda na mboga za majani kwa wingi ili usijikamue chooni. Hayo hayaponyi ngiri, yanasaidia isikue haraka.

Lakini uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu, unauma sana au umebadilika rangi, unatapika, choo na hewa havitoki: usiusukume kwa nguvu, usile kitu, wahi hospitali saa hiyohiyo. Hapo hakuna "tutaenda asubuhi."

Mwisho, wake wenzangu, mume akikuonyesha uvimbe wa sehemu ile usicheke, usiende kusimulia saluni. Wengi wanaficha kwa aibu tu. Mficha uchi hazai. Muulize leo usiku, kwa upole: "Baba fulani, ukibeba mizigo hakuna kitu kinachotoka?" Swali hilo halina gharama yoyote.

Tukutane sehemu ya 7. Mkumbushe na jirani.