Safari Isiyo na Mzigo

Hapa kwetu Kamina mtu haondoki bure. Akionekana alfajiri penye magari, jirani humwuliza: "Kuna nini? Nani amefariki?" Kama si msiba ni ugonjwa, na kama si ugonjwa ni biashara: mahindi yaenda, samaki wakavu warudi. Lakini baba akijibu, "Nakwenda na watoto kutazama milima, jioni tutarudi," watu watacheka, na pengine watamhurumia mkewe. Je, safari ya namna hii ni kutupa fedha? Leo twataka kujibu swali hilo.

Tuanze na nchi yenyewe. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa mita 1,100 hivi juu ya bahari. Mkaaji wa Kamina aweza kuzeeka akidhani ya kuwa dunia yote ni tambarare. Lakini ashike njia ya kusini-mashariki iendayo Bukama. Mwanzoni ataona miti na nyasi zile zile alizozizoea. Kisha vilima vyaanza, njia yapinda, motokaa yashuka, yapanda kidogo, yashuka tena. Joto lazidi, watoto wavua fulana zao. Mwisho nchi yafunguka mbele yao: ndilo bonde la Upemba, ambalo sakafu yake iko chini ya mita 600. Zamani sana ardhi ilipasuka hapo, kipande cha katikati kikazama, na maji ya Lualaba yakatandaa humo, yakafanya mabwawa na maziwa mengi, kama Upemba na Kisale. Ng'ambo ya bonde, upande wa mashariki, siku ya hewa safi waonekana ukuta wa buluu. Hiyo ni nchi ya milima ya Bia na Kibara, ambayo vilele vyake vyapita mita 1,700.

Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikakamilika kupitia Kamina hata Ilebo. Tangu hapo watu wasiohesabika wamelipita bonde lile. Lakini wengi hulipita usiku, au wameketi juu ya magunia, macho yao kwenye mali isiibwe. Wamepita, hawakuona.

Shuleni watoto wetu hutaja bila shida milima ya Alpi, Himalaya na Kilimanjaro. Uwaulize milima iliyo karibu na Bukama, wanyamaza. Na hata majina yaliyo katika ramani si yetu. Bia alikuwa kapteni Mbelgiji, Lucien Bia, aliyefariki mwaka 1892 akiongoza msafara katika Katanga. Upande mwingine wa bonde iko milima ya Hakansson, jina la Msweden aliyekuwa katika msafara wa Alexandre Delcommune. Wageni hao walipita mara moja, na majina yao yakabaki. Sisi twakaa katika nchi hii, na hata kuitazama hatujaitazama.

Mtu atasema: "Kutazama kwaleta faida gani?" Twajibu kwamba kitu kisichotazamwa hakina mlinzi. Kando ya ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wataalamu walianza mwaka 1957 kufukua makaburi ya kale. Walikuta vyungu vizuri, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba, kazi ya watu waliokaa pale zaidi ya miaka elfu iliyopita. Katika mabwawa hayo hayo yuko swala ambaye mwaka 2005 wataalamu walimwandika kuwa ni aina ya pekee. Hayupo mahali pengine duniani, na waliobaki ni wachache mno. Juu, katika uwanda wa Kibara, ndiko makao ya mwisho ya punda milia wa Kongo yetu. Hifadhi ya Upemba iliwekwa tarehe 15 Mei 1939 na serikali ya Wabelgiji, ndiyo sababu wengi bado huiona kuwa mali ya serikali, si yao. Lakini askari wa hifadhi ni wana wa nchi hii. Mwezi wa Desemba 2012 Mayi-Mayi waliishambulia kambi yao ya Lusinga, na damu ikamwagika. Tutawezaje kuwaombea watu waliokufa kwa kulinda kitu, ikiwa hatujui walilinda nini?

Musa alipandishwa juu ya mlima Nebo, akaonyeshwa nchi ambayo yeye mwenyewe hataiingia. Siku ile hakupewa shamba wala mbuzi. Alipewa kuona tu, na Maandiko yaihesabu kuwa zawadi ya Mungu. Naye Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Ni mwenye nyumba gani asiyevijua vyumba vya nyumba yake?

Basi, ifanyike kwa akili. Gharama za kamio ni kubwa kwa baba mmoja, lakini jamaa kumi za jumuiya moja wakiweka akiba kidogo kila mwezi, wataweza. Mwezi wa Mei na wa Juni wafaa: mvua imekwisha, na moshi wa nyasi zinazochomwa bado haujaificha milima. Kwanza ulizeni habari za njia na za usalama kwa watu watokao huko. Ondokeni alfajiri, na saa nane mchana kamio iwe imegeuka, usiku usiwakute njiani. Dereva asiguse pombe tangu jana yake, apime breki kabla ya kutoka, na mteremkoni ashuke kwa gia ndogo. Watu wasirundikwe juu ya magunia. Na tamaa ya kubeba shehena "kidogo tu" kwa ajili ya faida ikataliwe kabisa, maana mzigo ukipanda, macho ya watu yatarudi kwenye mzigo.

Mkifika mahali nchi inapofunguka, dereva asimame. Watoto washuke, wakae kimya kidogo, kisha wazee wawataje mito na vilima kwa majina waliyoyapokea kwa baba zao. Mtoto ayaandike katika daftari lake. Ndipo wote wale bukari na samaki wa Lualaba, wasali sala ya kushukuru, warudi nyumbani. Hawatakuwa na kitu cha kuuza sokoni, lakini nchi yao wataijua kwa sura, na atakayekuja kuiharibu atakuta ina wenyewe.