Daftari za Leonardo na Haki ya Kuzisoma kwa Tarjuma

Wako miongoni mwetu wasomi, na baadhi yao ni rafiki zangu ninaowastahi, washikao rai ya kuwa kitabu kilichovuka kutoka lugha moja hadi nyingine kimekwisha kupoteza roho yake njiani, na kwamba asiyejua Kitaliano heri aridhike kutazama picha za Leonardo da Vinci, aziache daftari zake kwa wenyewe. Rai hii mimi naiona ni dhulma, tena ni dhulma anayofanyiwa kijana mwenye kiu ya elimu na mtu ambaye kiu yake mwenyewe imekwisha kukatwa.

Kwani Leonardo huyo alikuwa nani? Alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1452, karibu na mji mdogo wa Vinci, mtoto wa nje ya ndoa wa katibu wa mikataba, wala hakupelekwa katika madarasa ya Kilatini, lugha ambayo katika zama zake ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kila hazina ya elimu. Alikuwa amekwisha kuwa fundi mashuhuri, tena mtu mzima, alipojikalifisha kuandika safu kwa safu za maneno ya kisomi na kanuni za sarufi ya Kilatini, kama mtoto wa chuoni aandikavyo ubao wake. Na mwenyewe alikiri katika karatasi zake kwamba wenye elimu ya vitabu wangemwona si mtu wa maandiko. Basi alisomaje? Mwaka 1476 Cristoforo Landino aliitoa kwa Kitaliano kazi kubwa ya Plinius, mwanachuoni wa Kirumi, juu ya maumbile ya dunia, na kazi ya Plinius imo katika orodha ya vitabu alivyomiliki Leonardo. Mtu mnayesema asisomwe kwa tarjuma alikuwa yeye mwenyewe mwanafunzi wa tarjuma.

Fauka ya hayo, lugha peke yake haikuwa ufunguo wa daftari hizi. Aliziandika kwa mkono wa kushoto, kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo sisi tuliofunzwa alifu na be hatulioni kuwa ajabu, isipokuwa yeye aligeuza hata herufi zenyewe, ikawa msomaji hana budi kuzitazama katika kioo. Alipofariki huko Amboise, Ufaransa, tarehe 2 Mei, 1519, alimwachia karatasi zake mwanafunzi wake Francesco Melzi, aliyezitunza kama amana. Lakini Melzi naye alipokwenda njia ya wote, warithi wake walizitupa darini, zikatawanyika, nyingine zikakatwa na kubandikwa upya na mchongaji Pompeo Leoni. Ukiacha yale ya uchoraji, yaliyopigwa chapa Paris mwaka 1651, sehemu kubwa ilibaki imefichika hata kwa Mtaliano mwenye lugha yake, mpaka mwaka 1883, Jean Paul Richter alipotoa London juzuu mbili, Kitaliano upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mfasiri, kwa hiyo, alikuwa miongoni mwa waliomfufua.

Sasa nitaje mfano mmoja, nami sitauharakisha. Katika milima ya Italia, mbali na pwani, watu walikuwa wakiokota makombe yaliyogeuka mawe, na jawabu lililokuwa vinywani mwa wengi ni kwamba yalipandishwa huko na Gharika ya Nuhu. Leonardo alilipima jawabu hilo kwa mwendo wa kombe aliye hai. Mnyama huyu, aliandika, haogelei, bali hujichimbia mfereji mchangani na kutambaa ndani yake, wala mwendo wake wa kutwa haupiti dhiraa tatu au nne. Kutoka bahari ya Adriatic hadi Monferrato, huko bara, ni maili 250, na mvua ya Gharika ilinyesha siku 40; basi siku 40 kwa dhiraa nne ni dhiraa 160, masafa yasiyokaribia hata maili moja. Na kama mtu angedai kwamba mawimbi ndiyo yaliyowabeba wakiwa wafu, mbona makombe hayo yamelala tabaka juu ya tabaka, makubwa kwa madogo pamoja, na mengine vigamba vyake viwili vingali vimeshikana kama alivyokuwa mnyama katika uhai wake? Alihukumu kwamba mahali pale palikuwa bahari.

Nakuomba wewe msomaji wa Lamu, au Mombasa, au Unguja, uliyekulia katika nyumba ya matumbawe, usimame leo mbele ya ukuta uliobanduka chokaa, uyatazame yale yaliyomo ndani ya jiwe, kisha uisome tena sahifa hiyo. Hapo utajua kama roho ya kitabu imepotea.

Sikatai kwamba kuna kitu kipoteacho. Ladha ya Kitoskana chake, ukali wa sentensi aliyoikatiza nusu kwa sababu fikira nyingine imebisha hodi, hayo mfasiri hawezi kuyavusha yote. Lakini hesabu huvuka salama; dhiraa nne katika Kitaliano ni dhiraa nne katika kila lugha, na swali zuri halibadiliki kwa kuvaa kanzu badala ya joho.

Linalonisikitisha ni kwamba sisi twamsoma kwa Kiingereza, ilhali daftari ile ile yenye habari za makombe, sehemu yake kubwa yahusu maji: mikondo yake, mawimbi yake, kujaa na kupwa kwake. Ni lugha gani iliyo tayari kuyapokea hayo kuliko hii yetu, ambayo wavuvi wake hawachanganyi bamvua na maji mafu? Walimu wasingoje kamusi ya istilahi itoke mjini. Na wachukue kurasa chache, wakamtafute nahodha mzee, wamsomee maana, wamwache yeye ayataje majina. Sahifa ya kwanza yaweza kuwa tayari kabla ya bamvua ijayo.