Vyombo vya Angani Juu ya Meza ya Chakula

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu tukiikuta mezani huidhania takataka. Ni vipande vidogo vya plastiki, vichupa vya rangi, msasa na gundi, na katikati yake ameinama baba watoto au kijana wetu, hasikii hata akiitwa kula. Anaunda modeli ya chombo cha angani, kama vile vinavyoonekana katika sinema. Kazi hii imestawi Marekani, Uingereza na Japani, na akina mama wenzetu wanaoishi huko na familia zao wanaijua vizuri. Wengine huuliza: tuvumilie au tufagie?

Sisi tunasema usifagie. Lakini liko jambo moja ambalo mama hana budi kulishika mwenyewe, nalo ni hewa ya chumba. Tutalifikia.

Kwanza tulijue boksi lenyewe. Juu yake huandikwa 1/72 au 1/350. Maana yake ni kwamba sentimita moja ya modeli ni sawa na sentimita 72, au 350, za chombo halisi. (Tunasema halisi, ingawa hakijapata kuruka popote isipokuwa katika hadithi.) Ndege ya X-wing ya sinema ya Star Wars, ambayo husemwa kuwa na urefu wa mita 12.5, kwa 1/72 hutoka sentimita 17 hivi, haizidi kijiko cha mezani. Lakini Enterprise ya Star Trek, yenye mita 289 katika hadithi, kwa 1/350 hupita sentimita 80. Basi kabla baba hajalipa fedha, mpime kabati pamoja.

Waliounda vyombo vya sinema yenyewe hawakuanza na vitu vya ajabu. Mafundi wa Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, walinunua maboksi mengi ya modeli za vifaru, meli za vita na magari, wakavunja vipande vyake na kuvibandika juu ya vyombo vyao ili vionekane vimejaa mitambo. Kwa sinema ya mfululizo huo iliyotoka mwaka 1999, umati wa watazamaji kwenye uwanja wa mashindano ulikuwa vijiti vya pamba vya masikio, mamia ya maelfu, vilivyotiwa rangi na kuchomekwa safu kwa safu. Na simu ya mkononi ya mmoja wa mashujaa ilitolewa kwa umbo la kishikio cha wembe wa kunyolea wa wanawake. Watoto wetu wanaounda magari ya waya na makopo wangeelewana na mafundi hao mara moja. Kwa hiyo kijana akiomba boksi la gharama na fedha hazipo, mpe vifuniko vya chupa, kalamu zilizokwisha na mrija wa dawa ya meno, aanzie hapo.

Tena msifikiri mafundi wakubwa hawakukata kona. Ile Enterprise kubwa ya televisheni, yenye urefu wa zaidi ya mita tatu, iliyoundwa zaidi kwa mbao, ilipambwa upande mmoja tu. Upande wa pili ndiko zilikotokea nyaya za taa, na kamera haikuelekezwa huko. Ni kama nyumba iliyopakwa chokaa mbele tu, ambako wageni hufikia! Mwaka 1974 ilikabidhiwa kwa Smithsonian kule Washington, na mwaka 2016 wataalamu wa makumbusho ya anga ya huko walimaliza kuitengeneza upya.

Sasa hewa. Gundi ya modeli hainati kama ile ya karatasi. Huyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, kisha majimaji yake hupaa na vipande hubaki vimeungana kuwa kitu kimoja. Hayo yanayopaa ndiyo anayoyavuta mtoto. Katika miaka ya 1960 Marekani ilipata taabu kubwa ya vijana walionunua gundi ya modeli, si kwa kuunda kitu bali kwa kuinusa, hata sheria zikatungwa juu ya uuzaji wake. Gundi nyingi za wakati ule zilikuwa na toluini, na hiyo ndiyo inayopatikana katika gundi nyingi za viatu ambazo watoto wa mitaani Nairobi wameonekana nazo katika chupa mdomoni. Huharibu ubongo, nayo yaweza kusimamisha moyo ghafla. Hatusemi haya ili mama amshuku kila mtoto aliyeshika modeli. Tunasema ili ajue kuwa kimo mezani kitu kinachostahili kabati lenye kufuli, kama dawa na mafuta ya taa.

Usiruhusu gundi wala rangi ya mafuta na thina katika chumba cha kulala, hasa alalamo mtoto mchanga. Mama mjamzito na akae mbali nazo kabisa. Dirisha liwe wazi kweli, si kwa upenyo wa kidole, na kusiwe na mshumaa, jiko la mkaa wala moto wa gesi karibu, maana mvuke huo hushika moto. Rangi ya kupuliza ipulizwe nje. Msasa ulowekwe maji ili vumbi lisiruke. Na mwenye mtoto atambaaye aipekue sakafu kabla ya kumshusha, kwa kuwa vipande vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele.

Habari njema ni kwamba leo kazi hii inaweza kufanywa karibu bila sumu. Kampuni ya Bandai ya Japani inauza modeli za Star Wars ambazo vipande vyake hubanana vyenyewe bila gundi, na plastiki yake imekwisha kutiwa rangi. Ziko pia rangi za maji, kama zile za Vallejo, ambazo brashi yake husafishwa bombani. Kwa mtoto wa miaka kumi, hatuoni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Kisha inakuja kazi ya kupaka, ambayo kwetu ndiyo tamu kuliko zote. Vipande huoshwa kwa maji ya sabuni, maana hutoka kiwandani na mafuta yasiyoonekana, na rangi haishiki. Hukatwa kwa koleo ndogo, husuguliwa, hupakwa andakoti nyembamba, halafu rangi yenyewe mara mbili au tatu, kila mara ikauke. Mwenye haraka atapaka mkono mmoja mzito na kufunika mistari yote aliyoilipia.

Baada ya hapo chombo huchafuliwa makusudi. George Lucas alitaka vyombo vyake vionekane vimetumika, wala si vipya kutoka dukani. Basi rangi nyeusi iliyozimuliwa sana huachwa iingie katika mifereji, na iliyobaki juu hufutwa kwa kitambaa. Masizi ya chaki nyeusi hupakwa penye injini. Hapa kijana wengi hukosea: huchafua kila mahali sawasawa. Mama, mwonyeshe sufuria yako. Moshi umeshika wapi? Chini na ubavuni, unafifia kuelekea juu, na mshikio umeng'aa kwa kushikwa. Hakuna fundi wa sinema anayejua uchafu kuliko wewe. Wala haituingii akilini kwa nini wasichana wasipewe brashi hiyo.

Modeli ikikwisha, usiipangushe kwa tambara, litang'oa antena. Tumia brashi laini ya poda, kavu, ukianzia juu. Iwekwe mbali na jua la dirishani, maana jua hufifisha rangi. Na maboksi yaliyo stoo ulizia kabla ya kutupa. Greg Jein, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2022, alikuwa ameweka X-wing moja ya sinema ya 1977 ndani ya boksi la kawaida. Mwaka 2023 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Ya baba watoto pengine haitafika huko, lakini mwulize.