Kitambaa cha kapiteni ni cha kazi gani?

UKURASA WA VIJANA

Kijana mumoja wa Kalemie ametuuliza hivi: «Miye nilikuwa kapiteni wa ekipi ya kartiye yetu. Siku moja arbitri alitupigia penalti ya uongo. Benzangu balisema: "Kapiteni, enda umupige, weye njo mukubwa!" Nilikatala. Kisha machi balininyanganya kitambaa, balisema miko muoga. Nilifanya makosa?»

Hapana, ndugu kijana, hukukosa. Lakini sikiliza vizuri, maana neno hili si la mupira tu.

Sheria za mupira zinasema wazi: kapiteni hana haki kupita wenzake, lakini anaulizwa juu ya mwenendo wa ekipi yake. Katika Kombe la Ulaya la 2024, kapiteni peke yake ndiye aliruhusiwa kumukaribia arbitri na kuuliza sababu. Wengine wakimuzunguka, wanapewa karata ya manjano. Basi kapiteni ni kama mulango: maneno ya ekipi yanapita kwake, na hasira ya ekipi inazuiwa kwake.

Tumukumbuke Trésor Mputu. Nani hamujui? Alikuwa kapiteni wa Mazembe walipokamata kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2009. Lakini mwezi wa tano 2010, kule Kigali, katika machi na APR, hasira ilimushinda, akamuendea arbitri kwa nguvu. FIFA ikamufungia miezi 12.

Sasa angalia yaliyofuata. Kitambaa kilifungwa ku mukono mwingine. Mwezi wa kumi Mazembe walipiga Espérance ya Tunis 5-0 pale Lubumbashi, kisha wakabeba kombe tena. Mwezi wa kumi na mbili, kule Abu Dhabi, walishinda Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0. Ni ekipi ya kwanza ya Afrika kufika finali ya dunia ya klabu. Inter ya Milano iliwafunga 3-0, lakini Kongo muzima tulicheza ngoma. Na Mputu, muchezaji wetu mukubwa, hakuwa uwanjani. Hasira ya dakika moja ilimukosesha siku ile. Hata hivyo hakutupwa: adhabu ilipokwisha, alirudi kucheza.

Wewe, kijana, ulipoteza kitambaa, lakini ulilinda ekipi. Ungemupiga arbitri, labda leo wote mungekuwa mumefungiwa. Sasa usipigane juu ya kitambaa. Enda ku mazoezi, fika wa kwanza. Umuombe mufundishaji akusanye ekipi, useme neno lako kwa upole. Wakikatala, cheza chini ya kapiteni mupya na umusaidie. Na siku hasira itakapopanda tena, simama katikati ya arbitri na wenzako, hata bila kitambaa. Pale watajua nani ni kapiteni.

Na ninyi baba na mama munaosimama pembeni ya uwanja mukilalamika «Mupigeni!», watoto wanasikia. Kapiteni wa kwanza wa mutoto ni muzazi wake.

Tuzungumuze nyumbani:
1. Katika jamaa yetu, nani anazuia hasira ya wengine?
2. Tunamuheshimu, ao tunamwita muoga?