Gonga Nguzo ya Tangi Kabla Utoe Doh

Mfereji ukikauka Migori ama Homa Bay, landilodi anakimbilia tangi. Sawa, lakini wasee, lita 5,000 ni tani 5 juu ya vichwa vya wapangaji. Nguzo za mabomba ya chuma matupu zikilemewa hukunjika kama mkebe wa soda. Zikijazwa konkriti, chuma hakipati nafasi ya kukunjika kwa ndani, nayo konkriti imebanwa, haipasuki ovyo. Canton Tower ya China, mita 600, imesimama kwa nguzo za aina hiyo.

Noma ni fundi kumwaga bila kushindilia: mapengo yanabaki ndani na macho hayaoni. Konkriti ikikauka, gonga nguzo kwa nyundo juu hadi chini. Ikilia kama debe, usilipe.