Hati na Kitabu Chake

Wako wasomi wasemao kwamba shairi la kale likisha kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi, hati yake imemaliza kazi; yafaa itiwe katika bahasha, ifungiwe kabatini, ipate kustarehe. Kauli hii ni ya uvivu, hata ikivikwa joho la chuo kikuu.

Na itazamwe hati yenyewe. Katika maandishi ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kasra moja hutumika kwa i na kwa e, na dhuma moja kwa u na kwa o. Herufi be aghalabu hubeba b na p, hata mb. Basi “penda” na “pinda” huweza kuandikwa sawasawa. Mhariri huchagua mojawapo, akaipiga chapa, na asomaye kitabu hana habari kwamba hapo palikuwa na njia panda. Mhariri huyo aweza kuwa hodari sana. Hodari naye hukosa. Mchunguzi ajengaye hoja ya kurasa kumi juu ya neno moja, wala hakuiona hati, hajui kama abishana na mshairi au na mhariri.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalidumu vifuani mwa watu baada ya kufa kwake, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya pamoja na mmisionari W. E. Taylor. W. Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940, huko Johannesburg. Karatasi hizo ziko London, katika chuo cha SOAS, nazo zaitwa kwa jina la Taylor. Sikujua, ambaye masikio yake ndiyo yaliyoyapokea mashairi na akili yake ndiyo iliyoyafasiri, hutajwa kama msaidizi. Msaidizi wa nani, katika lugha yake mwenyewe? Muhamadi Kijuma wa Lamu naye, fundi wa khati na wa nakshi, aliwanakilia Wazungu tenzi nyingi. Wangapi wazisomao leo hukumbuka kwamba wazipata kwa mkono wake?

Ama wale wapigao kelele kwamba karatasi zote zirejee Afrika Mashariki, dai lao lina haki, lakini wasidhani kwamba meli itawafundisha kusoma. Hati alizokusanya J. W. T. Allen katika miaka ya 1960 ziko Dar es Salaam. Hazingoji nauli, zangoji msomaji.

Basi idara zitoazo shahada ya fasihi ya Kiswahili zimpe kila mwanafunzi ukurasa mmoja wa khati ya kale, usio na tafsiri wala chapa ya kuchungulia. Ausome kwa sauti. Kila palipo na njia mbili aseme ameshika ipi, na kwa sababu gani. Na orodha za maktaba ziandike jina la mnakili juu, jina la mnunuzi chini yake.