Jino limerudi, jina bado

Kuna imani imetushika hapa Uvira, nami leo naipinga waziwazi: kwamba jina la kiongozi wetu Lumumba hutamkwa vizuri na yule tu anayelitamka kama Mfaransa. Anayesema Lu-mu-MBA, sauti ikipanda mwishoni, huyo ni msomi. Anayesema Lu-MU-mba, kama mama muuza ndagala, huyo hakusoma.

Januari moja, siku chache kabla ya tarehe 17, siku ya kukumbuka kuuawa kwake mwaka 1961, nilikaa nyuma ya darasa moja hapa Mulongwe. Msichana mdogo alisimama kusoma, akalitaja jina lile kama linavyotajwa kwao. Mwalimu akamkatiza: "Lu-mu-MBA! Rudia." Akarudia. Mara ya tatu sauti yake haikusikika tena, na kidole kilikuwa kimeganda juu ya lile neno kitabuni. Mtoto alikuwa sahihi. Aliyekosea ni mwalimu.

Kifaransa husukuma mkazo kwenye silabi ya mwisho, neno liwe la Paris au la Sankuru. Hiyo ni tabia ya Kifaransa, si sifa ya jina. Lumumba alizaliwa Onalua, huko Sankuru, kwa Watetela, tarehe 2 Julai 1925, akaitwa Élias Okit'Asombo. Kitetela kina toni zake, wala sidai kwamba Kiswahili chetu kinazitoa zote. Lakini lugha hizi mbili ni ndugu, zote za Kibantu. Katika shauri la ukoo, tangu lini mgeni akawa hakimu?

Imani hiyohiyo imeingia katika maandishi. Chukua majina ya wanasiasa wetu, Tshombe na Tshisekedi: sauti ni ch ya chakula, si nyingine. Wazungu waliandika tsh kwa sababu ch yao husomwa sh. Hakuna siri zaidi ya hapo. Katiba yetu ya mwaka 2006, kwa Kifaransa chake, inaandika tshiluba. Wataalamu wa lugha hiyo huandika Ciluba. Sisi tunasema Chiluba. Sauti moja, mavazi matatu. Mtoto akiandika Chombe kwenye dikte, afundishwe kwamba mwenyewe alitia sahihi Tshombe na sahihi ya mtu huheshimiwa. Ila asichekwe, kwa maana sikio lake limesikia vema. Ukimcheka, unamfundisha kutoliamini sikio lake.

Anayedhani mgeni akiandika jina amelipigia mhuri, akumbuke tarehe 27 Oktoba 1971. Rais Mobutu, akitangaza kwamba tunarudi kwenye asili yetu, aliigeuza Kongo kuwa Zaire. Na Zaire ni nini? Ni neno la Kikongo la mto, Nzadi, lilivyotoka vinywani mwa Wareno walioshindwa kulitamka. Mwaka uliofuata tukavuliwa majina ya ubatizo, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Tulitafuta asili yetu, tukarithi kosa la mgeni.

Nitaambiwa: haya ni madogo, Uvira ina shida kubwa. Najua shida zetu. Aprili 2020, Mto Mulongwe ulipofurika ukabeba nyumba na watu, tulipita juu ya matope tukiita. Tuliita majina, kila mmoja kama mama yake alivyomwita, maana ndivyo angeitika. Siku hiyo hakuna aliyejali nani anatamka kisomi. Tulijua jina ni la nini.

Waliomuua Lumumba waliukata mwili wake na kuuyeyusha kwa tindikali ili asiwe na kaburi. Ubelgiji ilirudisha jino moja, tarehe 20 Juni 2022. Jino na jina: hivyo ndivyo tulivyobakiziwa. Jino lilipelekwa kwanza Onalua, kwa watu wake, ndipo likazikwa Kinshasa. Jina nalo lina haki ya kurudi nyumbani, na safari yake haihitaji ndege wala jeneza. Inaanzia kwenye dawati. Walimu wa Mulongwe, mtoto akisoma Lu-MU-mba, mwacheni amalize sentensi.